Keti pale alipoketi mama: jibu kwa msomaji aliyepiga picha 900 za mti mmoja

SWALI: Mwalimu, hujambo? Nimezaliwa na kulelewa katika mtaa mmoja wa zamani wa Eastlands, zile nyumba za baraza la mji. Mbele ya mlango wetu kuna mjakaranda mkubwa. Mama aliuza mboga chini yake kwa miaka 22: sukuma, terere, managu, kunde. Alifariki mwaka juzi. Sasa tumeambiwa nyumba zitabomolewa, na mti huenda ukaondoka pamoja nazo. Tangu nisikie habari hizo nimeupiga mti huo picha zaidi ya 900 kwa simu. Watu wanazisifu. Lakini nikizitazama usiku simwoni mama popote. Nimeanza hata kuogopa kwamba hizi picha zinanifutia yale ninayoyakumbuka. Ningetaka kutengeneza kazi ya sanaa, siyo albamu tu. Nifanyeje? Kamera nzuri sina. (Msomaji, Makadara)

JIBU: Dada yangu, pole sana kwa kumpoteza mama. Miaka miwili bado ni jana.

Zile picha 12 ulizoambatisha nimekaa nazo siku tatu. Kwanza nilizitazama kwenye simu, halafu nikaenda saiba nikazichapisha na kuzitandaza mezani, kwa sababu kwenye simu kidole kina haraka kuliko jicho. Nilipoziona zote pamoja ndipo nikagundua kwamba zote 12 umezipiga ukiwa umesimama. Umesimama ng'ambo ya barabara au karibu na hapo, mti umejaa maua, shina liko katikati, anga iko nyuma. Ni picha safi, hasa ile ya asubuhi yenye mtu wa baiskeli. Lakini ni picha za mpita njia. Hivyo ndivyo mti huo unavyoonekana na mtu anayekimbilia matatu, akainua macho, akastaajabu, akaenda zake.

Mama yako hakuuona mti hivyo. Aliketi. Na wewe, ulipokuwa mtoto kando yake ukingoja akutume chenji kwa jirani, hukuuona hivyo pia. Uliuona kutoka chini, macho yako yakiwa futi mbili tu juu ya ardhi, mgongo umeegemea gome. Mbele yako kulikuwa na magoti ya mama, leso yake, gunia lililonyunyiziwa maji na miguu ya wanunuzi. Maua hukuyatazama angani; uliyaona yakidondoka juu ya mboga. Kumbukumbu unayoitafuta ina kimo chake, na ni kimo cha mtu aliyeketi.

Sasa chukua picha ya saba. Usitazame maua. Tazama kona ya chini, kushoto, mahali ulipokata bila kukusudia. Kuna mzizi umeinuka kutoka ardhini, mnene kama paja la mtu mzima, na mgongo wake unang'aa. Gome lote la mti huo limepasukapasuka na lina rangi ya vumbi, lakini pale juu ya mzizi pamelainika kama mpini wa jembe lililolimiwa miaka mingi. Mzizi haulainiki hivyo wenyewe. Huo umekaliwa. Katika picha zote ulizonitumia, hapo ndipo mahali pekee ambapo mwili wa mama yako umeandika kitu, nawe umekata nusu yake nje ya picha.

Ningeanzia hapo. Rudi ukaupige mzizi huo, peke yake, kwa ukaribu, tena na tena, kabla hujafanya jambo lingine lolote.

Hofu yako kwamba picha zinafuta kumbukumbu ina msingi. Mwanasaikolojia Linda Henkel wa Chuo Kikuu cha Fairfield, Marekani, alichapisha mwaka 2014 matokeo ya majaribio aliyoyafanya katika jumba la makumbusho. Aliwatembeza watu mbele ya vitu mbalimbali vya sanaa. Vingine waliambiwa wavitazame tu, vingine wavipige picha. Kesho yake alipowauliza, vile walivyovipiga picha walivikumbuka kwa udhaifu zaidi kuliko vile walivyovitazama tu. Ni kana kwamba akili ilijiambia: simu imeshashika, mimi nipumzike. Hiyo ndiyo sehemu ya utafiti ambayo watu hupenda kuisimulia. Sehemu ya pili huachwa, nayo ndiyo inayokuhusu wewe. Wale walioambiwa wasogee na kupiga picha ya sehemu moja tu ya kitu hawakupoteza kitu. Walikumbuka vizuri, hata zile sehemu ambazo hazikuingia kwenye picha.

Kwa hiyo picha 900 za mti mzima zinaweza kweli kukulegeza. Picha moja ya mzizi, uliyoipiga baada ya kukaa nao dakika 20, haitakufanya hivyo. Na ninaposema kukaa nao, simu iwe mfukoni. Gusa kwanza. Sikiliza mlango wa nani unalia, redio ya nani imewashwa. Kamera inayotoka mfukoni mapema mno hukurudisha ng'ambo ya barabara hata kama umeketi palepale.

Kuna jambo jingine nataka ulione ukiwa chini hapo. Nenda siku ya jua, kati ya saa nne na saa nane, uangalie ardhi. Majani ya mjakaranda ni vijani vidogo sana vilivyojipanga kama unyoya, na mwanga hupenya katika matundu membamba kati yake. Utaona ardhini madoa ya mwanga. Yatazame vizuri: mengi yake ni ya mviringo, ingawa matundu yenyewe kule juu hayana umbo lolote la maana. Ni mviringo kwa sababu kila doa ni picha ya jua. Tundu dogo linapitisha mwanga na kuchora chini sura ya kile kilichouleta, sawasawa na kamera ya kwanza kabisa, ile ya sanduku lenye giza na tundu moja. Ibn al-Haytham, mwanachuoni wa Basra aliyefariki karibu mwaka 1040, alilichunguza jambo hili kwa kupatwa kwa jua: jua likimegwa, doa la mwanga nalo linamegwa, likawa kama mwezi mchanga. Siku jua litakapopatwa tena Nairobi, keti chini ya mti wowote na utaona ardhi imejaa miezi midogo.

Ina maana kwamba mti huo ni kamera. Kwa miaka 22 ulikuwa unamwagia mama yako picha za jua: mabegani, kwenye leso, juu ya mafungu ya terere. Sijui mpigapicha yeyote aliyemshughulikia mtu mmoja kwa muda mrefu hivyo.

Kama leso ya mama ipo, ipeleke pale. Itandike mahali alipotandika gunia, usiinyooshe sana, ikae kama kitu kinachotumika. Kisha ipige picha kutoka juu yake, simu ikiwa sambamba na ardhi, saa nne, saa tano, saa sita, saa saba, saa nane. Madoa yatahama juu ya maandishi ya leso. Hizo picha tano tu, zikipangwa kwa mstari, zitaonyesha siku moja ya kazi ya mama yako vizuri kuliko maua yote 900. Kama leso haipo, tumia gunia. Shuka jeupe usitumie: linaonyesha madoa vizuri sana, lakini ni kitambaa cha msiba, na nadhani umeshakiona cha kutosha.

Kuhusu kamera, usihangaike. Simu yako inatosha, ila ina tabia mbili za kudhibiti. Kwanza, hupenda kung'arisha kivuli hadi kila kitu kionekane mchana mtupu, na kwako wewe kivuli ndicho chenye habari. Bonyeza kidole kwenye kioo na ukishikilie hadi mwanga ufungwe, halafu ushushe kidogo. Pili, zambarau ya jakaranda huigeuza kuwa buluu. Hili hutokea hata kwa kamera za bei. Usiirekebishe baadaye kwa kukisia. Weka ua moja lililoanguka juu ya karatasi nyeupe kivulini, lipige picha, na hilo liwe kipimo chako cha rangi.

Mwanga wa Nairobi nao una desturi zake. Tuko digrii moja na kidogo tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo karibu na Machi na Septemba jua la saa sita husimama utosini na kivuli cha mti hujikunja chini ya mti wenyewe. Jioni haituchelewi: jua likizama mnamo saa kumi na mbili unusu, una dakika kama 20 za mwanga laini na basi. Wapigapicha wa nchi za mbali huandika mashauri mengi kuhusu saa ndefu ya dhahabu. Hapa ni hizo dakika chache tu, uwe umeshaketi. Mimi kwa magome na mizizi nausubiri Julai. Lile wingu zito la baridi ambalo kila mtu analilalamikia ndilo taa bora kabisa niliyowahi kuitumia. Halina kivuli kikali, na kila mkwaruzo kwenye gome unajitokeza wenyewe.

Sasa daftari, na hapa nakuomba unisikilize kama mtu aliyeumia. Mwaka 2011 diski niliyohifadhia picha zangu za msitu wa Karura za miaka sita ilikufa. Sikuwa na nakala. Fundi aliyeifungua alinirudishia kwenye mfuko wa plastiki. Ni maelfu ya picha, na nikikuambia ukweli, leo siwezi kukuelezea hata 10 kati ya hizo. Kilichobaki ni madaftari matano niliyokuwa nikiandika mistari michache kila niendapo. Mmoja unasema: "Machi 9, saa moja na robo. Gome limelowa upande wa mashariki peke yake. Siafu wanavuka njia. Mtu amefunga uzi mwekundu kwenye tawi la chini." Nikisoma hapo ile asubuhi yote inarudi, pamoja na baridi ya viatu vilivyolowa. Uzi ule mwekundu sikuwahi kuupiga picha. Ninauona sasa hivi ninapokuandikia.

Ukitaka kuona watu wanaojua kazi hii kuliko sisi wasanii, waone wanaohifadhi mimea mikavu katika Makumbusho ya Taifa, hapo Museum Hill. Mkusanyo huo, wa mimea ya Afrika Mashariki, ulianzishwa Amani, Tanganyika, mwaka 1902 na kuhamishiwa Nairobi mwaka 1950. Kila mmea umebanwa kwenye karatasi, na pembeni kuna kibandiko: nani aliuchuma, siku gani, mahali gani, mwinuko gani. Na kuna mstari mmoja ninaoupenda kuliko yote, ambapo mkusanyaji huandika rangi ya ua lilipokuwa hai. Anaiandika kwa sababu anajua itapotea. Ua likikauka huwa kahawia, liwe lilikuwa jekundu au buluu. Mtu aliyeshika ua mbichi mkononi anamwandikia mtu ambaye hatamwona kamwe: hili lilikuwa la zambarau, na ndani ya koo lake palikuwa peupe.

Fanya vivyo hivyo. Chuma tawi moja dogo lenye majani, maua matano, na lile ganda la mbegu. Ganda ni bapa na la mviringo, gumu kama mbao, na likikomaa hufunguka kama kobe mdogo. Ndani yake mbegu zimezungukwa na utando mwembamba sana, unaopitisha mwanga kama ngozi ya kitunguu. Mbegu mbili tatu juu ya karatasi nyeupe, jua likiwa nyuma yake, ni picha kamili. Majani na maua yabane ndani ya gazeti, chini ya vitabu vizito, ukibadilisha gazeti kila siku kwa wiki ya kwanza yasije yakaota ukungu. Kurasa za gazeti utakazoziondoa usizitupe zote. Zina tarehe, zina bei za unga na nyanya, na zimeacha doa la maji ya ua.

Nimefika kwenye jambo ambalo ningelifanya mimi mwenyewe kama mama yangu angekuwa amenilea kwa kuuza terere.

Mwaka 1842 mwanasayansi Mwingereza John Herschel alieleza namna ya kutengeneza picha kwa maji ya maua na majani. Siku hizi huitwa anthotaipu. Haihitaji kemikali za studio wala chumba cha giza. Unachukua majani yenye kijani kibichi sana. Mimi nimezoea spinachi, kwa hiyo anza nayo ujifunze, halafu ujaribu terere kwenye karatasi ya pembeni uone ipi inakupa rangi unayoitaka. Ioshe, ikaushe maji, uitwange kwenye kinu. Kijiko kimoja cha spiriti kinasaidia rangi kutoka. Chuja kwa kitambaa. Yale maji yapake kwa brashi pana kwenye karatasi nzito ya kuchorea, uiache ikauke ndani ya kabati, uipake tena, na mara ya tatu. Usiku huo nyumba itanuka kama mama yako alipokuwa akichambua mboga za kesho. Nakuambia mapema ili likikupata ujue ni sehemu ya kazi.

Halafu nenda saiba uchapishiwe ile picha ya mzizi kwenye karatasi ya plastiki angavu, kwa wino mweusi tu. Usiigeuze kuwa negativu, yaani peusi pawe peupe. Weka plastiki juu ya karatasi iliyopakwa, weka kioo juu yake, bana kwa vibanio, upeleke juu ya paa. Jua litakula kijani pale plastiki ilipo wazi, na pale palipo na wino kijani kitabaki. Februari, spinachi hunichukua kama siku sita. Julai imewahi kunichukua karibu mwezi mzima. Usifungue kila saa kuchungulia. Inua pembe moja jioni, ukirudishe, ungoje. Kitakachotoka hakitakuwa na makali ya picha ya simu. Kitakuwa na kijani cha zeituni na manjano hafifu, na mzizi utaonekana kama kitu kinachotoka ndani ya karatasi yenyewe.

Na haitadumu. Picha ya studio ina namna ya kugandishwa isifutike, hii haina. Jua lililoitengeneza ndilo litakaloimaliza ukiiacha ukutani. Wanafunzi wengi hukata tamaa hapo, wakauliza kama kuna dawa ya kuipaka. Hakuna dawa, na ingekuwapo nisingekushauri uitumie. Weka picha hiyo ndani ya bahasha nyeusi. Ukiionyesha kwa watu, ifunike kwa leso, na anayetaka kuiona aifunue mwenyewe, aitazame, aifunike tena. Kila anayemtembelea mama yako ataififisha picha kidogo, na atalijua hilo mkono wake ukiwa juu ya leso. Hiyo ndiyo kazi ya sanaa uliyoniuliza, dada yangu.

Ukitaka kitu cha kukaa miaka mingi, tumia njia nyingine ya Herschel ya mwaka huohuo, ile ya picha za buluu za chumvi za chuma. Anna Atkins, Mwingereza pia, aliitumia kuanzia mwaka 1843 kuchapa mimea ya baharini kwa kuilaza yenyewe juu ya karatasi, bila kamera. Jani unalilaza, jua linapiga, unaosha kwa maji, na umbo lake linabaki jeupe katika buluu, kwa ukubwa wake halisi. Kemikali zake mbili utazipata kwa wanaouza vifaa vya maabara mjini, vaa glovu.

Usijione uko peke yako katika hili. Mimi Cherono Ng'ok, aliyezaliwa hapa Nairobi mwaka 1983, amezipa picha za mimea uzito wa huzuni na wa nyumbani bila kulazimika kuonyesha mtu, na mwaka 2021 jumba kubwa la sanaa la Chicago lilimfanyia maonyesho. Binh Danh, aliyezaliwa Vietnam mwaka 1977 na kukulia Marekani, huchapa sura za watu wa vita vya kwao juu ya majani mabichi kwa jua tu. Watazame wote wawili, kisha uwaache. Hawakuwa na mzizi wako.

Kuna kazi moja zaidi ambayo usiichanganye na hii, nayo ni ushahidi. Januari 1999 Wangari Maathai na wenzake walivamiwa walipokwenda kupanda miche Karura, yeye akapigwa kichwani hadi akavuja damu. Picha za siku zile hazina uzuri wowote, na hazikuhitaji. Ziliwaonyesha watu kilichokuwa kikitendeka msituni. Novemba 2020, ule mugumo, mkuyu mkubwa wa Waiyaki Way, uliokuwa uondolewe kwa ajili ya barabara ya juu uliokolewa kwa agizo la rais baada ya watu kupiga kelele, na picha za mti mzima, shina lake na barabara inayousogelea, zilikuwa sehemu ya kelele hizo. Kwa hiyo zile picha zako za kusimama hazijapotea bure. Chagua nne, kutoka pande nne. Pima shina kwa futi ya fundi cherehani kwenye kimo cha kifua, kama mita 1.3 kutoka ardhini, uandike mzunguko wake, tarehe na mahali. Wape wazee wa mtaa na yeyote anayezungumza na wakandarasi. Huo ni wajibu wako kama mkazi. Ila usingoje hizo picha zikuletee mama.

Kisha kuna majirani. Chapisha ile picha ya mzizi kwa ukubwa wa daftari, uipeleke kwa watu watano walionunua mboga kwake. Usiwaulize "unamkumbukaje mama?" Swali hilo huleta maneno ya matanga: alikuwa mtu wa watu, Mungu amlaze pema. Weka picha mbele yao unyamaze. Mmoja atasema, "hapo ndipo alipokuwa akificha chenji." Mwingine atakuambia alikuwa anafunga kunde kwa nyuzi za gunia, au kwamba mvua ikinyesha alihamia upande ule kwa sababu maji hayapiti. Rekodi kwa simu, kwa ruhusa yao. Sauti hizo zikae pamoja na picha. Nisingezichezea wala kuziwekea muziki.

Umeniuliza pia, kwa kuzungukazunguka, kama uweke kazi hii katika jumba la sanaa. Baadaye, ikitakiwa. Mara ya kwanza iweke palepale mtaani, kwenye ukumbi wa jamii au hata kwenye kuta za nyumba, mbele ya watu wanaojua mzizi uko wapi. Vipande 12 vinatosha: mizizi mitatu, leso tano, jani na ganda kwa buluu, ua lililobanwa na kibandiko chake, na ile ya terere chini ya leso.

Nakala uziweke pengine. Weka moja kwa ndugu yako wa mbali, moja kwenye karatasi. Priya Ramrakha, mpigapicha mzaliwa wa Nairobi aliyeuawa katika vita vya Biafra, Nigeria, mwaka 1968, picha zake zilikaa miongo kadhaa ndani ya gereji hapa mjini hadi jamaa yake alipozipata. Zilikuwa karatasi na filamu ndani ya masanduku, ndiyo maana palikuwa na kitu cha kupatikana.

Anza Jumamosi hii, kabla ya kununua chochote. Nenda mapema, daftari mkononi, simu imezimwa. Beba gunia la kukalia. Mzizi huwa na umande hadi saa tatu.